Walimu wa Mbita Wasijifungie Darasani

Tangu Chama cha Kitaifa cha Walimu (KNUT) kilipoasisiwa mwaka 1957, walimu wa Kenya wamethibitisha kuwa wanajua kushikamana. Hushikamana kudai mishahara, hushikamana katika vyama vya akiba na mikopo. Ila ikifika kazi yenyewe ya kufundisha, kila mmoja huingia darasani mwake akahangaika peke yake.

Hasara ya upweke huu ni kubwa kule Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay. Rusinga imeunganishwa na bara kwa daraja, lakini Mfangano na Takawiri hufikiwa kwa vyombo vya majini. Mwalimu wa kisiwani aweza kumaliza muhula mzima asijadiliane na mwenzake wa somo lilelile katika shule nyingine.

Nikiwa mwanaisimu, nitatoa mfano wa lugha. Hii ni nchi ya Wasuba, ambao lugha yao ya Kibantu imemezwa kwa kiasi kikubwa na Kijaluo. Watoto wengi huja shuleni wakisema Kijaluo, lugha isiyo na ngeli kama za Kiswahili. Kumbe Kisuba cha babu na nyanya zao kina ngeli zinazoshabihiana na za Kiswahili! Tuseme mwalimu mmoja wa Mfangano avumbue njia ya kufundisha ngeli akianzia maneno ya Kisuba. Nani mwingine atafaidi? Siku akihamishwa, maarifa hayo huondoka naye.

Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2019 ulizipa lugha za kiasili nafasi katika madarasa ya mwanzo. Hata hivyo, wasomaji wa Kisuba ni wachache, na mchapishaji hutafuta faida. Walimu wasipokusanya wenyewe hadithi, methali na msamiati kutoka kwa wazee wangali hai, nafasi hiyo itabaki karatasini.

Watakuwapo watakaosema kuwa hiyo ni kazi ya serikali. Mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, ulishughulikia hisabati na sayansi, lugha hazikuwamo. Mwaka 2021 Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilizindua mafunzo ambayo mwalimu alitakiwa kuyalipia shilingi 6,000 kwa mwaka, na manung'uniko yakazagaa. Lakini huko Japani kwenyewe, walimu huandaa somo pamoja, mmoja akalifundisha wengine wakitazama, kisha wote wakalichambua. Jambo hilo halihitaji mfadhili.

Napendekeza walimu wa lugha wa Mbita, Rusinga na visiwa vingine wakutane Jumamosi moja kila muhula. Kila mmoja aje na somo moja lililofaulu na moja lililomshinda, na yote yaandikwe katika daftari la pamoja. Walimu wakuu nao wawasaidie wa visiwani kwa nauli ya mashua.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Walimu waliojua kuungana kwa ajili ya mishahara hawawezi kushindwa kuungana kwa ajili ya somo.