Kati ya "Hataki" na "Hana"

Ni jambo la kawaida kijana kumlaumu mzazi, na baadaye, akiisha kukomaa, kuja kumtetea. Mimi niliyezoea kuyachunguza maneno huuona ugeuko huo katika kitenzi. Mwanafunzi wa kidato cha pili hulalamika, "Baba hataki kulipa karo." Mtu yuyo huyo, akiwa na mtoto wake shuleni, husema, "Baba hakuwa na karo." Baba ni mmoja na karo ni ile ile, bali hukumu imegeuka.

Hapa Runyenjes tofauti hiyo ina historia. Mnamo Julai 1989, utaratibu wa viwango vya mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, na bei zikaporomoka. Mwaka uliotangulia, 1988, serikali ilikuwa imeidhinisha mpango wa kugawana gharama, na wazazi wakatwikwa mzigo mzito zaidi wa elimu. Mkulima akabanwa pande zote: mapato yamepungua, karo imepanda, na sheria haikumruhusu kuing'oa mibuni bila idhini. Mtoto aliyerudishwa nyumbani hakuyajua hayo. Alichokiona ni baba aliyenyamaza.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Je, uchungu wa mzazi mwana ataujuaje ikiwa anafichwa? Wazee wetu huona haya kuutaja ufukara mbele ya watoto, na kimya hicho hufasiriwa kuwa ubahili.

Sisemi kwamba kila mzazi ni malaika. Wapo walioyamaliza malipo ya kahawa vilabuni, na ukomavu wa mwana hauwatakasi. Kazi ya ukomavu ni kumwezesha kijana kumpambanua asiyetaka na asiye nacho.

Walimu wenzangu, tusiuachie umri peke yake kazi hiyo, kwani si wazazi wote watakaokuwa hai kuyasikia maneno mapya ya watoto wao. Mzazi na amwonyeshe mwanawe karatasi ya malipo ya kahawa au majani chai. Mwalimu na aitumie hesabu ya shamba kama zoezi darasani: kilo, bei, makato, mbolea na karo. Nawe mwanafunzi, kabla hujatamka "hataki", keti na mzazi wako umwulize. Huenda akakujibu kwa mara ya kwanza.