«Ni Kweli»: Msamiati wa Jinai kati ya Orodha ya Darasani na Kizimba cha Mahakama

Jina Kariakoo lilitokana na Kiingereza. Baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa kivita wa kikosi kilichoitwa Carrier Corps waliwekwa katika eneo hilo, na vinywa vya wenyeji vikaligeuza jina la kikosi kuwa jina la mtaa, kisha la soko. Leo hakuna anayehitaji kuijua asili hiyo ili auze au anunue khanga. Jela, faini na polisi ni maneno mengine yaliyoingia kwa mlango huohuo wa utawala wa Kiingereza na kupata uraia kamili. Gereza ni kongwe zaidi: wanaisimu hulihusisha na neno la Kireno lenye maana ya kanisa.

Lipo hata hivyo kundi la maneno ya Kiingereza ambalo halijapata makazi ya namna hiyo. «Theft», «robbery», «burglary», «manslaughter», «bail» na «acquittal» bado hukaririwa na wanafunzi wa sekondari, na wa kozi za jioni katikati ya jiji, kwa orodha za safu mbili: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Mwanafunzi hutoka na imani kwamba kila neno la kushoto lina pacha wake kulia. Imani hiyo haina madhara makubwa katika mtihani. Katika kizimba cha mahakama inaweza kumgharimu mtu miaka kadhaa ya maisha yake.

Sheria imebadilika, mazoea yamebaki

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, iliyoigusa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Kwa marekebisho hayo Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria za nchi, na vilevile lugha ya mahakama, mabaraza na vyombo vingine vya utoaji haki. Kiingereza hakikufukuzwa, kinaruhusiwa pale maslahi ya haki yanapodai, kwa masharti yaliyowekwa.

Kabla ya hapo mgawanyo ulikuwa wa ghorofa. Mahakama za Mwanzo ziliendesha mashauri kwa Kiswahili tangu kusikiliza hadi kuandika. Kuanzia Mahakama za Wilaya na za Hakimu Mkazi kwenda juu, mdomo ulisema Kiswahili na kalamu ikaandika Kiingereza. Shahidi wa Kisutu alieleza alichokiona kwa lugha yake, na hakimu, papo hapo, akakiandika kwa lugha nyingine. Kumbukumbu iliyopanda ngazi za rufaa ilikuwa hiyo ya Kiingereza, yaani tafsiri iliyofanywa na mtu mmoja, kwa haraka, bila mhariri.

Kalamu ilikuwa na sababu ya kushikilia Kiingereza. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, iliandikwa kwa lugha hiyo. Ukoo wake unarudi hadi Queensland, Australia, ambako sheria ya jinai iliyokusanywa mwaka 1899 ikawa kielelezo cha makoloni mengi ya Uingereza. Tanganyika ilipata yake mwaka 1930, na hii iliyopo, pamoja na marekebisho yake mengi, ni ya mwaka 1945. Kwa hiyo anayekariri «housebreaking» mtaani Kariakoo anakariri tofauti zilizochorwa mbali sana na Kariakoo. Tofauti hizo ndizo zinazoamua kifungo, na Kiswahili kilichopewa mahakama mwaka 2021 kimerithi kazi ya kuzibeba.

Mtaa humtaja mtu, sheria hutaja tendo

Kiswahili cha mjini hakina upungufu wa maneno ya uhalifu. Kibaka huvizia vitu vidogo. Mkwapuaji hunyakua simu au mkoba na kukimbia. Jambazi huja na silaha. Tapeli hutumia ulimi. Yote hayo ni majina ya watu. Sheria haimuulizi mtu yeye ni nani, inauliza ametenda nini, na kwa hiyo majina yake ni ya matendo: wizi, unyang'anyi, unyang'anyi wa kutumia silaha, kuvunja nyumba, kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu.

Chukulia simu moja katika msongamano wa Mtaa wa Kongo. Ikichomolewa mfukoni bila mwenyewe kuhisi, tendo ni wizi kutoka maungoni mwa mtu. Mchukuaji akimpiga au kumtishia mwenye simu ili aipate au asinyang'anywe, tendo limekuwa unyang'anyi. Akiwa na kisu, na akakitumia kutisha, ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Simu ni ileile na bei yake ni ileile, lakini wizi wa kawaida una kifungo kisichozidi miaka 7, ilhali unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30. Orodha inayoandika «robbery: wizi» imefuta tofauti hiyo yote kwa neno moja.

Ndivyo ilivyo pia kwa «burglary», ambalo orodha nyingi hulifasiri «wizi wa kuvunja». Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kosa hilo halihitaji kitu chochote kiibwe. Kinachotakiwa ni kuvunja na kuingia katika makazi kwa nia ya kutenda kosa. Likifanyika usiku huitwa «burglary», likifanyika mchana huitwa «housebreaking». Fasiri iliyo wazi ni «kuvunja nyumba usiku kwa nia ya kutenda kosa». Ni ndefu, lakini haidanganyi.

Tabia ya mtaa ya kumtaja mtu badala ya tendo ina upande wa kutisha. Ukelele wa «Mwizi!» sokoni hauelezi kilichotokea, unamtangaza mtu, na kutangazwa huko huwa ni shtaka, hukumu na adhabu kwa pumzi moja. Kesho yake magazeti huandika kwamba ameuawa na «wananchi wenye hasira kali». Msemo huo umezoeleka kiasi kwamba wengi hawaoni tena unachokificha: kuna kosa la mauaji ndani yake, na watendaji wake wamepewa sifa ya uraia na udhuru wa hasira.

Mali kauli: deni linapoitwa wizi

Kariakoo ina istilahi yake ya biashara ambayo hakuna orodha ya Kiingereza inayoifikia: mali kauli. Mwenye duka humkabidhi mchuuzi bidhaa kwa kauli tu, alipwe baada ya kuuza. Mchuuzi asiporudi na fedha, mwenye mali huenda kituoni na kusema, «Nimeibiwa.»

Kwa uchungu wake, neno hilo ni sahihi. Kwa sheria, huenda si sahihi. Aliyepewa mali kwa hiari ya mwenyewe, akakusudia kulipa, kisha biashara ikamwendea kombo, ana deni. Hilo ni shauri la madai. Aliyejitambulisha kwa jina la uongo au kudai ana duka asilokuwa nalo ili akabidhiwe mali, amejipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Hilo ni la jinai. Mpaka kati ya mawili hayo haupo katika kutolipwa, upo katika uongo uliotangulia. Neno «utapeli» huvuka mpaka huo bila kubisha hodi, na kila linapovuka kuna uwezekano wa mtu kulala mahabusu kwa deni.

Ngazi za mtu mmoja

Kiswahili sanifu kina ngazi kamili ya majina ya anayepita katika mkono wa sheria. Mtuhumiwa ni anayeshukiwa. Mshtakiwa ni aliyesomewa shtaka. Mahabusu ni anayeshikiliwa kabla kesi haijaisha. Mfungwa ni aliyetiwa hatiani na kupewa kifungo. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Kichwa cha habari kinachosema «Majambazi watano wakamatwa» kimewarusha watu watano kutoka ngazi ya kwanza hadi ya mwisho. Neno «watuhumiwa» lina herufi nyingi zaidi kidogo, na nafasi hiyo haikosekani gazetini.

Maneno mengine matatu yanahitaji uangalifu.

*Hukumu.* Kwa matumizi ya kawaida neno hili hubeba mambo ambayo Kiingereza cha mahakama hutenganisha: kutiwa hatiani, uamuzi wenye sababu zake, na adhabu. Mwandishi makini ataandika kwamba mshtakiwa «ametiwa hatiani» na, kwa jambo la pili, kwamba «amepewa adhabu ya kifungo». Vifungo vikiwa zaidi ya kimoja, msomaji aelezwe kama vinakwenda sambamba au kimoja baada ya kingine. Miaka mitatu kwa makosa matatu ni miaka mitatu kwa njia ya kwanza na tisa kwa njia ya pili.

*Kuachiwa huru.* Mara nyingi familia hushangilia nje ya mahakama, kisha ndugu yao hukamatwa tena kabla hajafika getini. Huwa hawakusikia vibaya. Wameambiwa neno lisilotosha. Mahakama ikisikiliza ushahidi na kuona hatia haikuthibitika, mtu ameachiwa huru kwelikweli, na hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Mwendesha mashtaka akiondoa shtaka kabla ya ushahidi kukamilika, mtu amefutiwa shtaka tu, na mlango wa kumshtaki upya unaweza kubaki wazi. Maneno mawili yapo: «kuachiwa huru» na «kuondolewa shtaka». Yasibadilishane.

*Dhamana.* Ni ahadi yenye nguvu ya kisheria kwamba mshtakiwa atarudi mahakamani. Si malipo ya kununua uhuru. Kosa hili la maana ndilo linalowafanya wengi waulize kituoni «dhamana ni shilingi ngapi», na swali hilo humkaribisha mla rushwa.

«Ni kweli»

Hakuna mahali ambapo tofauti za maneno hubana kama dakika ya kusomewa shtaka. Mshtakiwa huulizwa kama shtaka ni la kweli au si la kweli. Wengi hujibu «Ni kweli», na kwa maneno hayo mawili kesi inaweza kuisha.

Lakini ni kweli nini? Kijana anayeshtakiwa kwa wizi wa simu dukani anaweza kumaanisha kwamba ni kweli aliichukua. Huenda aliichukua akiamini kwa dhati kwamba ni haki yake, kwa sababu tajiri wake alimnyima mshahara. Kanuni ya Adhabu inahitaji zaidi ya kuchukua: inahitaji nia ya udanganyifu, na inatambua utetezi wa anayeamini kwa uaminifu kwamba ana haki juu ya mali. Kuchukua si kuiba. Asiyeambiwa hivyo hana namna ya kujua kwamba amekubali kisichokuwa chake.

Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu unaofuatwa nchini hadi leo. Shtaka na kila kiini cha kosa vielezwe kwa mshtakiwa kwa lugha yake au lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe kwa karibu kadiri iwezekanavyo na maneno aliyoyatumia. Akikiri, mwendesha mashtaka asimulie yaliyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali, kuyakana au kuongeza yake. Akileta jambo linalotia shaka, iandikwe kwamba amekana. Uzito wa hatua hizo unaonekana katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai: aliyetiwa hatiani kwa kukiri kwake hana rufaa isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu, labda aonyeshe kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro.

Mageuzi ya mwaka 2021 yanaondoa tafsiri iliyosimama kati ya mdomo na kalamu. Hayaondoi wajibu wa kueleza. Mtu anaweza kusomewa shtaka kwa Kiswahili safi na bado asielewe, ikiwa neno «wizi» kwake lina maana ya kuchukua na kwa hakimu lina maana ya kuchukua kwa nia ya udanganyifu.

Kamusi na mwalimu wafanye nini

Haifai kuhitimisha kwamba Kiingereza cha jinai kiachwe. Kanuni ya Adhabu ilizaliwa katika lugha hiyo, maamuzi ya miongo mingi yameandikwa humo, na mwanafunzi anayekusudia kusoma sheria atakutana nayo. Kinachofaa kuachwa ni orodha tupu. «Robbery» lifundishwe kwa fasili: wizi unaoambatana na nguvu au tishio la nguvu, kisha ndipo jina «unyang'anyi» litolewe. Mwanafunzi akiijua fasili atalitambua kosa kwa lugha yoyote.

Haifai pia kudai kwamba Kiswahili hakiwezi. «Uhujumu uchumi» ulipata sheria yake mwaka 1983, na «walanguzi» wa miaka hiyo walijulikana hadi kwa watoto. «Utakatishaji fedha», lililoundwa kutokana na kitenzi takata, halihitaji maelezo marefu kwa mwenye masikio ya Kiswahili. Maneno hayo yameshika kwa sababu yalitumiwa kwa maana moja, hadharani, tena na tena.

Jukumu linalobaki ni la watumiaji: mwandishi wa habari, mwalimu, mkalimani, karani wa mahakama. Kamusi inaweza kuandika «kuachiwa huru» na «kuondolewa shtaka» katika vidahizo viwili vyenye fasili mbili. Haiwezi kusimama nje ya mahakama ya Kisutu kumweleza mama ni lipi kati ya hayo mawili lililomtokea mwanawe leo.