Shimo Lisiloonekana: Ada na Dhamana ya Mchanga wa Ziwa Tanganyika

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, aya ya 33 na ya 34, iko sheria fupi ambayo wahubiri wengi tunaipita haraka. Mtu akichimba shimo na kuliacha wazi, kisha mnyama wa jirani akatumbukia humo, mwenye shimo ndiye anayelipa. Sheria hiyo haiulizi iwapo mchimbaji alikuwa na kibali, wala iwapo alikwisha kulipa ushuru.

Tunaikumbuka sheria hii kwa sababu ya mchanga. Ujenzi wa Kigoma na Ujiji unaudai kila siku, na ni rahisi macho kuelekea ziwani. Bandari nazo, kwa kuwa mito kama Luiche na Malagarasi huingiza tope ziwani, haziwezi kukwepa kuchimbwa ili meli zipate kina. Hatusemi kwamba kila uchimbaji ni dhambi. Tunauliza ni nani anayelipia shimo linalobaki chini ya maji, mahali ambapo hakuna jirani anayeliona.

Hapa ni lazima kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Mrabaha na ada ni malipo ya mzigo unaoondoka: hukadiriwa kwa thamani ya mchanga, na mchanga ni bidhaa ya bei nafuu. Dhamana ni fedha inayowekwa kabla ya kazi kuanza, nayo hurudishwa pale tu inapothibitika kwamba mahali palipochimbwa pametengenezwa. Ada hulipia kilichochukuliwa, dhamana hulinda kilichoachwa. Serikali ikikusanya ada pekee, hata kwa uaminifu mkubwa, ziwa halina mdhamini.

Sheria zetu si tupu. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inauhesabu mchanga kuwa miongoni mwa madini ya ujenzi, hivyo hauchukuliwi bila leseni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zenye kudhuru ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa, na inaitambua dhamana ya mazingira. Lakini meta 60 kutoka wapi? Mahali pa Ujiji ambapo Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871 leo pako mbali na maji, kwa sababu mto Lukuga, upande wa Kongo, ulifunguka mwaka 1878 na ziwa likashuka kwa takribani meta 10 katika miaka iliyofuata. Miaka ya karibuni maji yamepanda tena na kufunika sehemu za pwani katika nchi zote nne zinazolizunguka. Anayepima ukingo wakati wa kiangazi kirefu huiita nchi kavu ile ambayo babu yake aliiita ziwa. Kwa maoni yetu, kanuni za dhamana ziwe na mpaka unaofuata maji ya juu.

Hasara yenyewe si ya kubuni. Kuhe, samaki anayependwa sana mezani petu, hutaga mayai sakafuni mwa ziwa, na wazazi wote wawili hulinda vifaranga. Mtambo unaonyonya mchanga hauchagui kati ya mchanga na mazalia. Tope linaloinuliwa husafiri na kutua juu ya miamba ambako samaki wadogo hula na kujificha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba sehemu za ziwa hili zilizopokea tope jingi zilikuwa na aina chache za viumbe.

Jirani zetu wa Uganda wametupatia funzo. Katiba yao, ibara ya 244, iliutoa mchanga wa ujenzi katika maana ya madini. Huko Lwera, kando ya Ziwa Viktoria, mitambo ilichimba kwa miaka mingi na kuacha madimbwi makubwa ardhioevuni kabla ya sheria mpya ya madini ya mwaka 2022 kuyagusa mambo hayo. Fedha ya kuyafukia ilipaswa kuwekwa siku ya kwanza.

Wavuvi wetu walikwisha kulipa sehemu yao. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani ili samaki wazaliane, na kaya nyingi za mialoni zilibeba mzigo huo. Haingekuwa haki mvuvi apumzishe wavu wake miezi mitatu, halafu mwenye pampu aruhusiwe kuharibu mazalia yale yale kwa bei ya ada ndogo.

Hata hivyo kitabu hicho hicho cha Kutoka, katika sura ya 22, kinamwamuru aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla ya jua kuchwa. Kijana anayechota mchanga kwa koleo na mtumbwi hawezi kuweka dhamana ya mamilioni, na kumdai kiasi hicho ni kumwachia ziwa mwenye mtaji. Dhamana ipimwe kwa uwezo wa chombo na ujazo wa mzigo. Wenye koleo waweke kidogo kidogo kupitia kikundi chao.

Na ni nani atakayetia sahihi kwamba dhamana irudishwe? Papa Fransisko, katika Laudato Si' namba 183, anataka wakazi wa mahali wapewe nafasi ya pekee mezani. Kwetu hao ni vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi vya Kibirizi, Katonga na mialo mingine. Mkaguzi wa Tume ya Madini na wa Baraza la Mazingira watakuja na vipimo vyao, nasi tunavihitaji. Lakini karatasi ya kuachilia fedha isikamilike bila sahihi ya mvuvi aliyetupa wavu juu ya shimo hilo msimu mzima baada ya mtambo kuondoka.