Vibarua wa Langston

Kumlipa asiye na ajira atengeneze uwanja wa gofu, wengi husema, ni kufuja fedha za umma. Miaka ya 1930, wapinzani wa Rais Franklin Roosevelt waliibeza miradi yake ya kazi kwa maneno ya namna hiyohiyo.

Wasemao hivyo tunawaelekeza kwenye uwanja wa gofu wa Langston, Washington. Wakati huo Wamarekani weusi wa jiji hilo walitengewa kiwanja kimoja duni cha mashimo tisa, karibu na jengo la kumbukumbu la Abraham Lincoln. Viwanja bora vya umma vilikuwa vya weupe, ingawa kodi walilipa wote. Wanawake weusi wa klabu ya Wake-Robin, iliyoundwa mwaka 1937, walimshinikiza Waziri wa Mambo ya Ndani, Harold Ickes. Vibarua wa miradi ya serikali wakaingia kwenye eneo lililowahi kuwa jalala, wakaligeuza uwanja. Ulifunguliwa Juni 1939, mashimo tisa tu. Kumi na nane yalitimia mwaka 1955.

Tusiupambe mno mradi huu. Langston ulijengwa ili ubaguzi uendelee kwa adabu, na haikuchukua muda wachezaji weusi wakadai viwanja vyote. Mwaka 1941 Ickes alikubali.

Kibarua alipata ujira, jiji likapata uwanja unaochezewa hadi leo. Halmashauri zinazopanga ajira za muda ziamue mapema, kabla ya jembe la kwanza, nani ataruhusiwa kuingia kazi ikiisha.