Maji ya Uvuguvugu Yasingoje Mtoto Azaliwe

Katika vijiji vyetu vya Singida mama akishajifungua, maji ya moto hayakosekani. Bibi huchochea moto, na mzazi hukandwa asubuhi na jioni. Lakini zile saa ndefu za uchungu mama huyo huyo aliambiwa ajikaze. Mimi naona tumepanga mambo kinyume.

Chukua kitambaa safi, kichovye katika maji ya uvuguvugu, kikamue, kisha ukibandike chini ya kiuno uchungu unapopanda. Yapime maji kwanza kwa kiwiko chako. Misuli hulegea na maumivu hupungua. Hayaishi, nisiwadanganye! Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unakubali vitambaa vya joto kwa mama mwenye afya anayetaka kupunguziwa maumivu. Mtoto anapokaribia kutoka, mkunga naye huweweza kubandika kitambaa cha joto kwenye msamba, na michaniko mikubwa hupungua.

Huko Ufaransa, katika mji wa Pithiviers, daktari Michel Odent aliwawekea wazazi bwawa dogo la maji ya uvuguvugu. Sisi ambao wakati wa kiangazi ndoo moja hufuatwa mbali, bwawa la nini? Chupa moja ya chai yenye maji ya moto, ndoo ya maji baridi ya kuchanganyia, karai na vitambaa viwili vinatosha. Viwekeni pamoja na khanga za mtoto.

Ila anatakiwa mtu wa kukanda. Mkunga mmoja mwenye wazazi watatu leba hawezi. Mwongozo huo huo unataka kila mama awe na mwenzake aliyemchagua mwenyewe. Zamani, katika wodi moja niliyofanya kazi, tuliwafukuza ndugu wote mlangoni, na mimi nilikuwa hodari wa kufukuza. Leo najuta.

Na bibi zetu, shikamooni. Maji yanayofuka yanaunguza; nimefunga vidonda vya matumbo ya wazazi waliokandwa hivyo. Kizazi hujirudi chenyewe, na kunyonyesha hukisaidia.

Msikande nyumbani mkachelewa kuja hospitali. Na damu ikianza kutoka nyingi, au mama akilalamika kichwa kinauma sana na macho hayaoni vizuri, acha kitambaa, mwite mkunga hapo hapo.