Michezo ya Kompyuta ya Zamani

Wako vijana wapendao kukusanya michezo ya kompyuta ya zamani, na wazazi wao huuliza: je, jambo hili lina ubaya?

Twasema: mchezo usio na haramu ndani yake, asili yake ni ruhusa. Lakini na tutazame habari mbili. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mchezo wa E.T., uliotungwa kwa haraka katika majuma kama matano. Nakala nyingi zikakosa wanunuzi, na mwaka 1983 shehena yake ikafukiwa jalalani huko Alamogordo, New Mexico. Mwaka 2014 ikafukuliwa, na takataka ile ile ikanadiwa. Tena Julai 2021 nakala moja ya Super Mario 64, mchezo wa mwaka 1996, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.56, ikiwa imefungwa vile vile ilivyotoka kiwandani.

Basi bei ya vitu hivi haitokani na manufaa yake, bali na tamaa za watu. Kijana achezaye na nduguze kidogo baada ya Alasiri amepata burudani yake. Ama akopaye ili aweke kabatini kitu asichokigusa, au achezaye hata adhana ikampita, huyo amemilikiwa na mali yake.

Enyi wazazi, msikataze tu. Wekeni kiasi cha fedha na kiasi cha wakati, na sala itangulie. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.