Pikipiki Ni Yangu, Ngamia Ni wa Nani?

"Wacha hiyo ya watoto." Ndivyo wanavyoniambia kila jioni tunapokunywa chai karibu na Suuq Mugdi. Hiyo ya watoto ni Pulsar yangu ya cc 200, niliyoinunua kwa faida ya duka langu dogo la dawa za mifugo na kuilipa polepole kwa miezi 18. Ile ya watu wazima ni ya cc 600, silinda nne, ya buluu, imeshatumika, iko kwa muuzaji Nairobi na anaitisha shilingi 780,000. Binamu yangu aliye Minneapolis amesema atatoa nusu. "Walalo, maisha ni yako," aliniambia kwenye simu. "Ishi."

Hapo ndipo ninapotaka tubishane. Sina ugomvi na pikipiki. Pikipiki ni nzuri, nimeangalia picha zake hadi saa nane za usiku. Ugomvi wangu ni na hayo maneno matatu: maisha ni yako.

Lakini kwanza niondoe hoja moja mezani, maana najua kuna watakaodhani niko upande wao. Sitasema mtu wa Kaskazini Mashariki hana haja na pikipiki ya starehe. Nimewasikia watu wa Nairobi wakicheka: superbike Garissa ya nini, ya kufukuza ngamia? Watu hao hao Jumapili wanapanda mashine zao kwenda Naivasha, wanakula nyama, wanarudi, na hakuna anayewauliza ya nini. Sisi tukitaka kitu lazima kiwe cha kubeba maji, cha kukimbiza mgonjwa, cha kupeleka chanjo. Kwani furaha yetu lazima iandikiwe ripoti ya mradi?

Mimi napenda kasi. Kuna kipande cha barabara ukitoka Ukasi kuja Bangale hadi Madogo, lami imenyooka mpaka lori linalokuja unaliona likiwa bado nukta. Hapo nimeshaifungua hiyo cc 200 hadi mwisho, kifua kimelala juu ya tangi, nikicheka peke yangu ndani ya helmeti. Kwa hivyo asije mtu akasema naandika kwa sababu naogopa, au kwa sababu sijaonja.

Sasa, wanaonisukuma ninunue wana hoja tatu, na nimezisikia mara nyingi mpaka nazijua kwa moyo.

Ya kwanza: kasi iko mkononi, haiko kwenye injini. Kubwa unaweza kuipanda polepole. Msee wa boda aliniambia hivyo juzi na wote wakaitikia. Haya, mkono ni wangu, na nimewaambia sasa hivi ulichofanya huko Bangale. Pikipiki ya mbio ya cc 600 hutoa nguvu za farasi zaidi ya 100. Yangu haifiki 25. Gia ya kwanza peke yake, kwenye hiyo kubwa, inaweza kupita kilomita 100 kwa saa, na sheria mjini inataka 50. Yaani kutoka Ngamia Road mpaka darajani sina kazi na gia ya pili, huku injini ikinichoma mapaja kwenye joto la nyuzi 38. Mashine kama hiyo haikai kimya ikisubiri uwe na busara. Inakubembeleza, na mimi si mtu wa kubembelezwa mara mbili.

Halafu ni nani atakayeushika huo mkono? Ulaya, kijana anayeanza hufungiwa kwenye pikipiki isiyozidi kilowati 35, na hukaa hapo miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kubwa. Mimi leseni yangu niliipata kwa kuzunguka koni na pikipiki ya cc 100. Leseni hiyo hiyo ndiyo ningeitoa mfukoni kwenye kizuizi nikiwa juu ya cc 600, na afisa angeirudisha na kuniuliza bei ya mashine.

Hoja ya pili: kubwa ina breki bora. Ni kweli kabisa, sibishi. Lakini ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unazidi mara nne, na hesabu hiyo haijali umelipa pesa ngapi. Ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, tangu jicho lione mpaka gurudumu lisimame, unakula karibu mita 45, pamoja na ile sekunde moja na nusu ya kushtuka. Ukiwa kwenye 120, unakula zaidi ya mita 130. Hapo nimehesabu lami kavu na safi, na sote tunajua upepo wetu unavyomwaga mchanga juu ya lami. Tena hizi za zamani ambazo mtu kama mimi anaweza kuzimudu, nyingi hazina ABS.

Mita 130 ni mbali kuliko taa ya chini inavyomulika. Na usiku barabarani kuna ngamia. Ngamia ninawajua, ndio wanaonilisha. Mkubwa ana kilo 400 hadi 600, na miguu yake imeuinua mwili juu, palepale kwenye kifua na kichwa cha mpanda pikipiki. Taa inapiga miguu, nayo ni myembamba na ina rangi ya vumbi. Macho yako juu ya mwanga, kwa hivyo hayakupi ule mng'ao wa kukuonya. Mbuzi atakimbia. Ngamia atasimama akuangalie.

Hoja ya tatu hutolewa kwa sauti ya chini, na ndiyo inayoniudhi zaidi: ajali ni qadar, siku ikifika imefika. Wanaosema hivyo wote hufunga duka kwa kufuli mbili. Sote tulifundishwa tukiwa wadogo, chuoni, kwamba unamfunga ngamia wako kwanza, ndipo unatawakali. Hakuna aliyefundishwa kumfungua ngamia, kumtia kichaa, kisha kusema Mungu anajua.

Basi turudi kwa "maisha ni yako".

Miaka minne iliyopita, kijana wa ukoo wetu alimgonga mzee wakati wa magharibi kwenye njia ya vumbi nje ya mji. Mzee alifariki usiku uleule. Bima? Sheria, Sura ya 405, inataka kila pikipiki iwe na bima ya mtu wa tatu. Ya huyo kijana ilikuwa imeisha miezi miwili nyuma. Hata ingekuwepo, korti ni ya miaka, kikao cha wazee ni cha siku chache, na amani kati ya jamaa mbili haiwezi kungoja tarehe ya kesi.

Kwa hesabu ya jadi ya Wasomali, diya ya mwanaume aliyeuawa ni ngamia 100. Ya mwanamke ni nusu, na hilo lina ugomvi wake wa siku nyingine. Ikiwa ni ajali wazee huomba, hupunguza, hugeuza ngamia kuwa pesa. Yetu ilipunguzwa sana, na bado ilituumiza, kwa sababu diya hailipwi na aliyegonga peke yake. Hulipwa na wanaume wote wa ukoo, aliyekuwepo na asiyekuwepo. Mimi fungu langu lilikuwa shilingi 20,000, na sikuwa nazo, kwa hivyo hooyo aliuza mbuzi watatu. Eeddo wangu, shangazi mjane anayeuza maziwa sokoni, hakupangiwa kitu kwa kuwa ni mwanamke. Lakini mwanawe wa miaka 19, asiye na kazi, alipangiwa. Nani alilipa? Alilipa eeddo, kwa noti za 50 na 100, siku kadhaa mfululizo. Hata binamu wa Minneapolis alituma dola 300 kwa hawala. Nilimkumbusha hilo kwenye simu. Alinyamaza, kisha akasema mtandao unakatika.

Kwa hivyo nikipanda cc 600, nani amesaini? Huko anakoishi binamu, mtu akigonga kuna kampuni ya bima, kuna wakili, kuna karatasi. Hapa karatasi yangu ni watu. Ni mbuzi wa hooyo. Ni jerikeni la maziwa la eeddo. Kila nguvu ya farasi ninayoiongeza ni mkopo, na nimewaweka wao wadhamini bila kuwauliza. Mtu akikopa benki kwa jina la shangazi yake tunamwita mwizi. Akinunua pikipiki ya mbio, tunamwita dume.

Na msiniambie wa boda naye ni hatari. Najua. Sheria ya trafiki inataka helmeti, koti linalong'aa na abiria mmoja, na kila jioni naona boda zikipita na watatu, hakuna hata kofia ya sala kichwani. Ila yule anatafuta unga. Mimi ningekuwa natafuta ile sekunde ya kucheka peke yangu, kwa dhamana ya watu wengine.

Wiki jana nilienda kwa eeddo. Nilitaka angalau mtu mmoja kati ya wadhamini aulizwe. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Aliisogeza karibu na macho, akasema ni nzuri, inafanana na nyigu.

"Hii yako inakimbia vipi?" akauliza. Nikamwambia.

"Na hii?" Nikamwambia.

Akafunika jerikeni lake, akafikiri kidogo. "Na ile iliyomuua yule mzee, ilikuwa kubwa kiasi gani?"

Ilikuwa ya cc 100, eeddo. Ndogo kuliko zote.

Hakusema siinunue. Aliniuliza tu kama nitakunywa maziwa, nikanywa.

Nimemwandikia binamu kwamba sitaki nusu yake. Nimemwambia kama ana hamu ya kutuma kitu, anitumie helmeti nzuri, kwa sababu hii yangu ilishaanguka mara mbili. Hajajibu. Pale kwa chai wananiita mzee sasa, na nitawaongopea nikisema hainiumi. Inauma. Nikisikia silinda nne ikipita barabara ya Nairobi, shingo inageuka yenyewe. Nafikiri itageuka hivyo kwa miaka mingi, na kwenye ile lami ya Bangale nitaendelea kujua ninachokikosa.

Anayeitaka, ile ya buluu bado iko Nairobi. Lakini kabla hujapanda basi kwenda kuichukua, pitia kwanza kwa eeddo wako. Usimwambie bei. Mwambie mwendo.